Grisi kwenye tochi: inayozuia maji ni nini hasa?

Wengi wetu tumeamini kwamba grisi ndiyo inayozuia maji yasiingie ndani ya tochi, na kwamba ikipakwa kwa wingi tochi huwa salama zaidi. Kazi hiyo kwa kweli ni ya oringi, ile pete nyembamba ya mpira iliyokaa kwenye mfereji wake karibu na thredi (mistari ya kuzungushia kifuniko), ambayo hubanwa kati ya vyuma viwili kifuniko cha nyuma kinapokazwa. Grisi huisaidia tu kuteleza bila kujipinda wala kukatika, kwa kuwa mpira mkavu unaosuguana na chuma huchubuka, na mchubuko mdogo tu huweza kupitisha maji. Utando unaoufanya mpira ung'ae kidogo unatosha, maana unaozidi hapo hunasa mchanga.

Dhana yenye madhara zaidi ni kwamba mafuta yoyote yanafaa. Mafuta ya kupikia yakikaa muda mrefu huwa mazito na kunata. Yale ya kupuliza yanayotumika kulegeza nati zilizoshika kutu ni mepesi mno, na huosha hata grisi iliyokuwapo. Grisi ya magari na mafuta ya mgando ya kujipaka, ambayo hutokana na mafuta ghafi, yanahitaji tahadhari: oringi ya mpira aina ya nitrili huyavumilia, lakini ya mpira aina ya EPDM huvimba na kulegea. Grisi ya silikoni ni salama kwa aina zote mbili, ila si kwa oringi ambayo yenyewe ni ya silikoni, kwani nayo huweza kuvimba. Rangi ya mpira haitoshi kukuambia ni wa aina gani. Ni heri kusoma karatasi iliyokuja na tochi, ile ambayo aghalabu huishia kwenye pipa la taka.

Ukifungua tochi ya alumini iliyotumika sana na kupitisha kitambaa cheupe kwenye thredi zake, kitambaa hutoka na uji mweusi. Watu hudhani ni betri imevuja, au grisi imeungua. Mara nyingi huo ni unga laini wa alumini iliyosagika kwa kuzungushwa, uliochanganyika na grisi kuukuu, na kupaka grisi mpya juu yake ni kuendeleza usagaji. Toa oringi kwa kijiti cha meno, kamwe si kwa sindano, kisha futa thredi mpaka kitambaa kibaki safi ndipo upake upya.

Wapo pia wanaopaka grisi ili umeme upite vizuri, ilhali grisi ya kawaida haipitishi umeme. Katika tochi nyingi za alumini, umeme hupita kwenye ukingo mtupu wa mwisho wa bomba, unaogusa kifuniko. Ukingo huo ubaki mkavu na msafi, na mwanga unaopepesa mara nyingi hutulia ukishafutwa.

Kwa anayetumia tochi baharini, kilicho muhimu zaidi ni kuisuuza kwa maji yasiyo na chumvi ikiwa bado imefungwa, kisha kuikausha kabla ya kufungua, ili chumvi isifike kwenye thredi. Hakuna idadi maalumu ya miezi ya kupaka upya: kifuniko kikianza kukwaruza au kulia kinapozungushwa, wakati umefika.