Gegedu na ndewe: yanayosemwa kuhusu upasuaji wa masikio, na yaliyo kweli

Shika sikio lako ulikunje. Sehemu kubwa ya juu inakubali kukunjwa, ukiiachia inarudi mahali pake: hiyo ni gegedu iliyovikwa ngozi. Chini kuna ndewe, nyama laini isiyo na gegedu, pale hereni inaponing'inia. Mengi yanayosemwa vibaya kuhusu kurekebisha masikio, hapa Dodoma na kwingineko, huanza pale sehemu hizi mbili zinapochukuliwa kuwa kitu kimoja.

"Masikio yamechomoza kwa sababu mtoto alilazwa vibaya."

Hapana. Mara nyingi ni urithi. Mtazame baba, mtazame na bibi. Ama mkunjo wa ndani unaofuatana na ukingo wa sikio haukujikunja vya kutosha, ama bakuli linalozunguka tundu lina kina kirefu mno. Wengine wana yote mawili. Kwa kawaida ukingo wa sikio hukaa milimita 15 hadi 20 kutoka kichwani, na ukizidi hapo ndipo sikio huhesabiwa kuwa limechomoza. Rula inatosha kupima.

"Bibi atayakanda kwa mafuta mpaka yalale."

Bibi hajakosea kabisa, ila njia yake haifiki. Wiki za mwanzo gegedu ya mtoto ni laini kwa kuwa homoni ya estrojeni aliyoipata kwa mama bado imo mwilini. Sikio likishikizwa kwa kifaa chepesi kilichofunikwa kitu laini, likabanwa kwa plasta ya hospitali usiku na mchana kwa wiki kadhaa, huwa linakubali umbo. Kukandwa dakika 5 baada ya kuoga hakushiki kitu, maana mkono ukitoka gegedu inarudi. Wakati mzuri wa kuanza ni ndani ya wiki 3 za kwanza. Zikipita 6, matokeo hushuka sana. Basi swali hili liulizwe kliniki mama anaporudi siku ya 7, si mtoto anapoanza chekechea. Kumvalisha wa miaka 3 kofia ya kubana ni kumpa joto la bure.

"Upasuaji usubiri afikishe miaka 18."

Akiwa na miaka 5 au 6 sikio limeshakaribia ukubwa wa mtu mzima, na gegedu yake inaweza kushika uzi. Chini ya hapo uzi huweza kuikata kama unavyokata ugali wa moto, na sikio likarudi lilikotoka. Kwa juu hakuna kikomo: mtu wa miaka 40 hufanyiwa, ila gegedu yake ni ngumu, hivyo mara nyingi daktari huikwaruza upande wa mbele ili ilegee. Tunaloshauri ni kwamba mtoto mwenyewe ndiye awe na shida na masikio yake. Kama wanaolalamika ni shangazi peke yao, subirini.

Upasuaji wenyewe huchukua muda wa saa 1 hadi 2. Mtoto hupewa nusukaputi, yaani dawa ya kumlaza usingizi, mtu mzima mara nyingi ganzi tu. Daktari hulisukuma sikio nyuma kwa kidole, huona mkunjo unapotakiwa kukaa, huuchora kwa wino. Kisha hupasua nyuma ya sikio, hupitisha nyuzi 3 au 4 zisizoyeyuka ndani ya gegedu na kuzikaza moja moja huku akipima. Bakuli likiwa na kina, hulishonea pia kwenye tishu ngumu iliyofunika mfupa wa nyuma ya sikio. Kosa linaloonekana kwa macho ni kukaza sana katikati: juu na chini hubaki vimetokeza, na ukimtazama mtu kwa mbele sikio lina umbo la mkono wa simu ya mezani. Kosa jingine ni uzi kulegea au kukatika, sikio likaanza kurudi nje, na hapo hurudiwa.

"Atapoteza usikivu."

Usikivu uko ndani ya mfupa, na kisu hiki hakifiki huko. Ila aliyezaliwa na sikio dogo lisiloumbika, au lisilo na tundu, ana jambo tofauti kabisa. Huyo apimwe usikivu miezi ya mwanzo kabla ya kuwaza sura. Sikio lake hujengwa kwa gegedu ya mbavu, kwa kawaida kuanzia miaka 6 hadi 10, mara nyingi kwa upasuaji zaidi ya mmoja.

"Ndewe iliyochanika itajiunga yenyewe."

Wagogo wa zamani walitoboa ndewe na kuzipanua kwa makusudi, na bado unaweza kukutana na mzee mwenye tundu la kupitisha kidole. Hilo si ugonjwa, na anayelipenda aachwe nalo. Lakini aliyechanwa na hereni nzito, au asiyelitaka tena tundu, asitegemee plasta wala gundi. Ngozi imeshaota pande zote za mpasuko, na ngozi haiungani na ngozi. Daktari huchoma ganzi, huondoa ngozi hiyo mpaka damu ionekane, kisha hushona mbele na nyuma. Hapa hakuna gegedu, kwa hiyo kazi ni nyepesi. Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 10. Kutoboa upya kusubiri miezi 3 au zaidi, tena kando ya kovu, si juu yake.

"Keloidi ni ya kukata tu, biashara imekwisha."

Hapa ndipo watu wanapoumizwa. Keloidi ni kovu lisilojua kuacha: linavuka mpaka wa kidonda na kuendelea kukua, na ngozi nyeusi hulipata zaidi. Ukilikata peke yake, umelipatia kidonda kipya cha kukulia, na mara nyingi linarudi kubwa kuliko lililotolewa. Matibabu ya maana huchanganya: kukata, sindano za triamsinoloni (dawa ya steroidi) kwenye kovu kila wiki 4 hivi, na kibanio cha kuminya ndewe saa 12 au zaidi kwa siku kwa miezi isiyopungua 6. Njia hizi zikishindikana, wengine huongezewa mionzi mara baada ya kukatwa. Daktari asiyekuuliza kama wewe au ndugu zako mna keloidi kabla ya kugusa sikio, mrudishie swali hilo mwenyewe.

"Likivimba baada ya kutobolewa juu, meza amoksilini."

Tundu la juu linapita kwenye gegedu, ambayo haina mishipa yake ya damu, na kijidudu kinachopenda kuishambulia, Pseudomonas, hakifi kwa amoksilini. Dalili ni hii: sikio jekundu, la moto, linauma, lakini ndewe imebaki ya kawaida. Hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Ukichelewa gegedu huoza, sikio likasinyaa na kukunjamana, na kulirudisha ni kazi ngumu kuliko kurekebisha lililochomoza.

"Siku hiyohiyo tunapanda basi kurudi Kondoa."

Msipande. Damu ikijikusanya chini ya ngozi, hutokea zaidi saa 24 hadi 48 za kwanza, na isipotolewa huua ngozi na gegedu. Maumivu ya masikio yote mawili yanayotulia kwa panadoli (miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6) ni ya kawaida. Maumivu ya upande mmoja yanayopanda ni ya kurudi kufunguliwa bandeji, hata kama ni usiku. Laleni mjini siku 2.

Bandeji hukaa siku chache hadi wiki, kisha mkanda laini wa kichwani usiku kwa wiki 4 hadi 6. Vumbi na upepo wa Dodoma ni adui wa kidonda, ila likizo za Juni na Desemba huwafaa wanafunzi kwa sababu hakuna mpira wa shuleni wala wa kuvuta masikio. Nywele zioshwe siku moja kabla, na zisisukwe za kubana.

Kwa nusukaputi, sema mapema kama mtoto ana selimundu, au ombeni apimwe kama hamjui. Chakula kikomee muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maji meupe muda wa saa 2 kabla. Chai ya maziwa ni chakula: kikombe kimoja cha alfajiri kinatosha kuahirisha upasuaji.