Kipimo cha Theluji Hakifai Jua la Karamoja

"Mbona kwetu ilikuwa sawa?" Nimechoka kuulizwa swali hili na wageni wanaokuja kuwinda Karamoja, Uganda, na risasi walizojaza baruti wenyewe kwa mkono. Bolti, yaani komeo la bunduki, imekwama, mtu anaigonga kwa kiganja ifunguke, ganda likitoka fataki yake, kile kiwashio cha kitakoni, imelala bapa kwa shinikizo kubwa mno, na bado ananishikilia kwamba kipimo chake cha baruti hakina kasoro kwa sababu alikijaribu uwanjani kwao. Alikijaribu lini? Februari, theluji ikiwa chini.

Baruti husikia joto. Ikiwashwa tayari ina joto, huungua upesi zaidi, shinikizo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, hupanda na mwendo wa risasi huongezeka. Kwa baruti nyingi za zamani, nyuzi 30 za tofauti kati ya baridi ya kwao na mchana wa Moroto, huku Karamoja, zinaweza kuongeza kama mita 15 kwa sekunde. Aliyejaza mpaka kiwango cha juu cha kitabu cha mtengenezaji wa baruti, hapo ameshakivuka bila kuongeza hata chembe. Na hata bunduki ikistahimili, shabaha imeharibika: kwa risasi ya 6.5 Creedmoor, nyongeza ya mita 10 tu kwa sekunde huipandisha risasi sentimita 20 hivi ikifika mita 900.

Si jambo jipya. Waingereza walihangaika nalo enzi za cordite, baruti yao ya zamani, iliyokuwa ikipandwa na joto vibaya sana. Ganda kubwa la .416 Rigby, risasi ya wanyama wakubwa ya mwaka 1911, liliachiwa nafasi ili shinikizo libaki chini, ganda lichomoke bila kung'ang'ania hata kwenye jua kali. Siku hizi kuna baruti zisizoyumba sana kwa joto, kama H4350 na Varget za Hodgdon, zinazotengenezwa Australia. Mimi nawasukumia wageni hizo, wakipenda wasipende. Lakini hata hizo hupunguza tatizo tu. Anayekuja huku akijaribu kipimo chake siku ya joto kali, na akiona dalili yoyote ya shinikizo, kama bolti kukwama au fataki kulala bapa, apunguze baruti. Akifika, risasi zikae kivulini, si juu ya dashibodi ya Land Cruiser. Na mtutu ukiwa umepata moto, asiingize risasi chembani halafu aanze kupiga soga, inaokwa humo.

Wengine husema 4350 ni 4350. Hapana! H4350 na IMR 4350 ni baruti mbili tofauti zilizobeba namba moja, na kipimo cha hii hakihamishiwi ile. Jedwali la kasi ya kuungua nalo hupanga tu ipi iko mbele ya ipi. Halisemi imeitangulia kwa kiasi gani. Mtu akichagua kipimo kwa kutazama jedwali, mimi nasimama mbali naye.

Eti inayokimbiza risasi zaidi ndiyo bora? Kwa masafa marefu tunatafuta mwendo usiobadilika kati ya risasi na risasi, na mara nyingi hutolewa na baruti ya taratibu inayokaribia kulijaza ganda. Kama kasi na ukubwa ndivyo vinavyoua, Bell, mwindaji wa zamani waliyemwita "Karamojo", asingeangusha tembo wengi vile kwa risasi ndogo ya .275 Rigby.

"Nikipunguza sana niko salama" nayo ni hatari. Baruti ya taratibu ikiwa kidogo mno ndani ya ganda kubwa huweza kuleta shinikizo lisilotabirika, au risasi ikakwama mtutuni. Ndiyo maana kitabu cha mtengenezaji kina kiwango cha chini pia.

Na baruti huharibika. Ukifungua kopo ukapata harufu kali ya asidi au vumbi la wekundu wa kahawia, usijaze hata risasi moja, wala usiichanganye na nyingine ati isipotee bure.