Je, wajua kwa nini gari linalojiegesha bado linahitaji mguu wako kwenye breki?

Tuanze kwa kulitendea haki gari lenyewe. Mwaka 2015 AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kiliwashindanisha madereva na magari matano yenye uwezo wa kujiegesha sambamba na barabara. Magari yalishinda bila ubishi. Yaligonga ukingo wa barabara kwa asilimia 81 pungufu, yalimaliza kazi kwa asilimia 10 haraka zaidi, na ile rudi mbele, rudi nyuma ikapungua kwa karibu nusu. Kasoro iliyoonekana ilikuwa ya kuchekesha kidogo: baadhi yalijibana mno kwenye ukingo kiasi cha kuhatarisha rimu na matairi.

Basi gari linajua kuegesha, tena kuliko wengi wetu. Mbona watengenezaji wengi bado wanaandika kwenye mwongozo kwamba dereva ndiye mwenye jukumu? Ni rahisi kudhani hayo ni maneno ya mawakili tu. Fanya hesabu kidogo uone.

Gari linalojiegesha kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa husogea takriban sentimita 83 kila sekunde. Mtu aliyeshtushwa na jambo asilolitarajia huhitaji kama sekunde moja, pengine zaidi, ili aone, aamue na akanyage breki. Sasa tazama nafasi inayobaki kati ya bampa yako na gari la jirani wakati kona imekolea: sentimita 30, au hata 20. Ukingoja mpaka uwe na hakika kwamba gari limekosea, umeshagonga. Mguu ukiwa tayari juu ya breki na ukaokoa nusu ya muda huo, bado gari litakuwa limesogea sentimita 40. Kwa maneno mengine, kazi aliyoachiwa dereva, ya kusimamia na kuingilia kati mambo yakiharibika, haiwezekani kwa binadamu wa kawaida, isipokuwa awe tayari kulisimamisha gari kwa shaka tu, kabla ya ushahidi. Na ni nani asimamishaye kitu ambacho mara zote zilizopita kilifanya vizuri?

Mwanasaikolojia Mwingereza Lisanne Bainbridge aliliona tatizo hili mwaka 1983, alipokuwa akiandika kuhusu mitambo inayojiendesha, miaka 20 kabla ya Toyota kuuza Prius ya kwanza yenye usukani wa kujiegesha huko Japani. Mashine inachukua sehemu ya kazi iliyo rahisi, alisema, kisha inamwachia mtu ile ngumu, huku ujuzi wake ukififia kwa kukosa mazoezi. Kadiri mfumo unavyokuwa mzuri ndivyo msimamizi wake anavyozembea.

Lakini gari hukosea vipi, ikiwa limezungukwa na vihisi na kamera? Hapa inafaa tukae kidogo.

Vile vidude vya duara kwenye bampa, mara nyingi 12 kwa gari zima, hutoa sauti ya mitetemo zaidi ya 40,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu hukomea kwenye 20,000 hivi, ndiyo maana hatuisikii. Sauti inagonga kitu, mwangwi unarudi, kompyuta inapima muda. Kitu kilicho umbali wa mita moja hurudisha mwangwi baada ya kama elfu sita za milioni ya sekunde. Ni ustadi wa ajabu kwa kifaa kidogo hivyo, na ukuta wa saruji huonekana vizuri kabisa.

Tatizo ni kwamba mwangwi unategemea kitu chenyewe kimekaaje. Ubao au bati lililoinama hutupa sauti pembeni, isirudi. Nguo nzito hunywa sauti badala ya kuirudisha, na mtu aliyevaa koti nene hutoa mwangwi dhaifu kuliko pipa la chuma. Nguzo nyembamba, mnyororo uliofungwa kati ya vigingi, waya: vyote hivyo vina uso mdogo mno. Tena kihisi chenyewe kinapotoa sauti huendelea kutikisika kwa muda mfupi, kama kengele iliyokwisha kupigwa, na mwangwi unaorudi katika kipindi hicho humezwa. Kwa hiyo kitu kilicho karibu sana, chini ya sentimita 15 au 20 kwa vihisi vingi, hakipimiki vizuri. Pale ambapo vipimo vinahitajika zaidi ndipo vinapokuwa dhaifu.

Kuna pia suala la kimo. Vihisi hukaa kwenye bampa, vikitazama mbele. Mbao zilizochomoza nyuma ya lori, lango la gereji lililonyanyuliwa nusu au tawi lililoinama huweza kuwa juu ya upeo wao. Mtoto aliyechuchumaa kuokota mpira anaweza kuwa chini yake. Aprili 2022 ilisambaa video kutoka Marekani ya Tesla ikisogea polepole, bila mtu usukanini, hadi ikagonga mkia wa ndege ndogo ya Cirrus na kuendelea kuisukuma. Ilielezwa kwamba mwenye gari alikuwa ameliita kwa simu, lije lenyewe hadi alipo. Mkia wa ndege ni mfano halisi wa kitu kinachoning'inia hewani pasipo mguu wa kugusa ardhi, na gari hupita chini yake likidhani njia ni nyeupe.

Kamera huziba baadhi ya mapengo hayo na kufungua mengine. Tope, tone la mvua kwenye lenzi au jua la jioni lililo usoni hutosha kuipofusha. Ukuta mweupe usio na alama yoyote nao huisumbua kompyuta inayokadiria umbali kwa picha, kwa kuwa hakuna pa kushika. Oktoba 2022 Tesla ilianza kuuza magari yasiyo na vihisi vya sauti, ikitegemea kamera pekee, na kwa muda magari hayo yalikosa uwezo wa kujiegesha mpaka programu mpya ilipokamilika. Gari ambalo kamera zake hazioni chini kabisa ya bampa lazima likumbuke kilichokuwapo sekunde chache kabla. Kikiingia kitu kipya baada ya hapo, kumbukumbu haina habari. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, ila wao hawakukutana na gari la namna hii.

Mambo haya yanahusu gari lolote. La umeme lina yake ya ziada.

La kwanza ni mguu. Madereva wengi wa magari ya umeme wamezoea kuendesha kwa kanyagio moja: ukiachia mafuta, kwa lugha ya zamani, gari linapunguza mwendo lenyewe. Wakati wa kujiegesha mguu wako hauko kwenye kanyagio hiyo, kwa hiyo kuinua mguu, tendo ambalo mwili umelizoea, hakufanyi chochote. Lazima ukanyage breki. Na ukikurupuka ukakanyaga kanyagio isiyo ya breki, mota ya umeme hutoa nguvu yake yote papo hapo, pasipo ile subira ya injini kupanda mizunguko.

La pili ni ukimya. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 138 ilikuja kwa sababu hiyo, ikitaka magari ya umeme yatoe sauti ya kutahadharisha yakiwa kwenye mwendo mdogo. Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwa magari yote mapya tangu Julai 2021. Magari ya umeme yaliyouzwa kabla ya hapo bado yapo mengi barabarani, na mtu anayepita nyuma ya gari lisilonguruma hana cha kumshtua.

La tatu ni mahali penyewe. Gari la umeme huegeshwa kwenye vituo vya kuchaji, penye nguzo nyembamba na kebo zinazoning'inia. Ni vitu vile vile ambavyo vihisi huvikosa.

Kujiegesha kwa simu, dereva akiwa nje, kumewekewa masharti makali zaidi. Kanuni namba 79 ya Umoja wa Mataifa haimruhusu mtu kuwa zaidi ya mita 6 kutoka kwenye gari, na inataka kitufe kishikiliwe muda wote. Kidole kikiachia, gari lisimame mara moja. Nadhani huu ni usanifu wa busara kuliko wa ndani ya gari, kwa sababu uzembe wa mtu unasimamisha gari badala ya kuliacha liendelee. Marekani haifuati kanuni hiyo. Januari 2025 mamlaka yake ya usalama barabarani, NHTSA, ilifungua uchunguzi wa Tesla zipatazo milioni 2.6 kuhusu uwezo wa kuliita gari kwa simu, baada ya taarifa za magari kushindwa kutambua nguzo au magari yaliyoegeshwa.

Je, nani analipa? Kwa kawaida ni wewe, au bima yako, maana kisheria wewe ndiye uliyekuwa ukiendesha. Yapo matukio mawili ya kuangalia. Novemba 2022 Ujerumani iliruhusu mfumo wa Bosch na Mercedes-Benz kuegesha magari bila msimamizi katika gereji moja ya uwanja wa ndege wa Stuttgart, lakini pale gereji yenyewe ina vihisi vyake vinavyoliongoza gari. Na Julai 2025 BYD, kampuni ya magari ya China, ilitangaza kwamba itabeba hasara za ajali zitokeazo gari lake linapojiegesha kwa mfumo wake. Ahadi hiyo ilitolewa kwa wateja wa China. Aliyenunua gari kwingineko asome mkataba wake wa bima kabla ya kubonyeza kitufe, na kama bampa imewahi kupakwa rangi upya, amuulize fundi kama vihisi vilifunikwa, kwani tabaka nene la rangi juu ya kihisi hudhoofisha mwangwi wake.