Kaburi la Mwaka 1345: Tunavyosambaza Habari za Nasaba Mtandaoni

Miaka michache iliyopita nilipiga picha ya jiwe la kaburi katika mji mmoja wa mwambao wa Tanzania, nikaiweka Facebook kwa haraka na maneno manne tu: "Kaburi la mwaka 1345." Kwa kuwa kazi yangu ni utafiti wa nasaba, sikuona haja ya kueleza kwamba mwaka huo ni wa Hijria, yaani kalenda ya Kiislamu, na kwamba kwa hesabu ya Miladia ulianza Julai 1926 ukaisha katikati ya 1927. Haikupita wiki, picha ile ikanirudia katika kundi la WhatsApp la wakwe zangu, safari hii ikiwa kaburi la karne ya 14 la mwasisi wa ukoo uliotoka Shirazi, Uajemi. Sisi watu wa mwambao hatuna uvivu wa kujitafutia babu Shirazi, lakini kosa hilo lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwangalifu sana na namna ninavyosambaza picha na habari za wenzangu wanaofuatilia koo. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na taarifa zilizofichwa ndani yake, kama vile mahali na saa ilipopigwa, huondolewa. Mtu akiihifadhi kwenye simu na kuituma upya, maelezo yaliyoandikwa chini yake nayo hubaki nyuma. Ndiyo maana mimi hupendelea kusambaza kiungo cha chapisho lenyewe, kwa sababu kiungo humrudisha msomaji kwa aliyeandika, na masahihisho yakifanywa huyakuta hapo hapo. Pale ambapo hapana budi kutuma picha, huandika juu ya picha yenyewe: "Jiwe linasomeka 1345 Hijria, yaani 1926 au 1927. Makaburi ya nyuma ya msikiti. Jina la babu wa marehemu halisomeki." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida kuliko zote, maana humzuia mwingine asijaze pengo kwa kubahatisha.

Niliporudia kuiweka picha ile ikiwa na maandishi hayo, mzee mmoja aliyeko Maskati aliniandikia kwamba jina la baba wa marehemu lililochongwa pale ni la babu yake yeye, akataka kujua kaburi liko upande gani wa msikiti.

Kubonyeza alama ya kupenda si vibaya, ila maoni yenye habari yana uzito zaidi. Chukua mfano wa Wakikuyu, ambao kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Jina moja basi huibuka kila baada ya kizazi kimoja, na watoto wa ndugu kadhaa huweza kulibeba kwa wakati mmoja. Mtu akichapisha habari za "babu" mwenye jina hilo, msomaji hawezi kujua ni yupi kati ya wanne au watano, mpaka atokee shangazi wa mtu aongeze kwenye maoni jina la mke wa babu huyo, rika lake, au kijiji alichohamia. Neno moja la shangazi huyo huokoa miezi ya kupekua kumbukumbu.

Yapo nisiyoyasambaza hata nikiombwa. Tarehe za kuzaliwa za watu walio hai, hasa watoto, sizigusi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania imetunga yake mwaka 2022, ingawa adabu peke yake ingetosha. Orodha ya warithi wakati mirathi iko mahakamani huiacha ilipo. Zito kuliko yote ni habari inayoonyesha kwamba bibi wa ukoo fulani aliwahi kuwa mtumwa. Hiyo ni historia ya kweli ya mwambao wetu, na mtafiti hana ruhusa ya kuifuta, lakini nimeona ikitolewa hadharani ili kumshusha mtu hadhi au kumkatalia posa. Nikikutana nayo humpigia simu mkubwa wa ukoo huo, nikamsomea karatasi ilivyoandikwa, kisha nikangoja yeye aseme kama iende kwa wengine au ibaki kwake.