Kifaa Kimelipiwa, Matumizi Je?

Serikali inapozindua mradi wa afya ya kidijitali kwa wazee na watu wenye ulemavu, kinachotangulia kwenye habari ni idadi ya vishikwambi vilivyogawiwa na gharama ya mfumo. Swali ambalo mlipa kodi ana haki ya kuliuliza huchelewa, na mara nyingine haliulizwi kabisa: mwaka mmoja baadaye ni wangapi bado wanavitumia, na vikiharibika analipa nani? Kwetu sisi tunaoshughulika na sera za hifadhi ya jamii, hapo ndipo fedha nyingi za umma hupotelea, hata pale ambapo hakuna aliyeiba senti.

Uhitaji wenyewe ni mkubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya kila sita, wana ulemavu unaoathiri sana maisha yao, na kwamba kufikia 2030 mtu mmoja kati ya sita atakuwa ametimiza miaka 60 au kuizidi. Ripoti ambayo shirika hilo lilitoa pamoja na UNICEF mwaka 2022 ilieleza kuwa watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja: miwani, kisaidizi cha kusikia, kiti cha magurudumu, au programu ya kumsaidia asiyeweza kuongea. Katika baadhi ya nchi zenye kipato cha chini, wanaovipata ni kama asilimia 3 tu ya wanaovihitaji. Wengi wao hawataweza kujinunulia, kwa hiyo mfuko wa umma hauna pa kukwepea.

Nchi zimechukua njia tofauti. Ujerumani ilianzisha bima ya lazima ya matunzo ya muda mrefu mwaka 1995. Japani ilifuata mwaka 2000: kila mkazi huanza kuchangia akifika miaka 40, nusu ya gharama hutoka kwenye kodi, na anayehudumiwa huongezea sehemu yake. Australia, kwa sheria ya 2013, ilichagua kumpangia kila mtu mwenye ulemavu anayestahiki bajeti yake mwenyewe. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na kuendelea, awe aliwahi kuajiriwa au la. Kinachoziunganisha njia hizi ni kwamba mwananchi anajua mapema nani atalipa siku nguvu zitakapomwishia. Ubunifu wa kidijitali usipofungamanishwa na utaratibu wa kudumu wa namna hiyo, unaishi kadiri ya ufadhili wa majaribio. Ufadhili ukikoma, programu inabaki kwenye simu bila mtu wa kuihudumia.

Mfano unaostahili kuangaliwa kwa karibu ni wa Ujerumani tena. Sheria iliyopitishwa mwaka 2019 iliruhusu daktari kumwandikia mgonjwa programu ya afya kama anavyomwandikia dawa, na bima ya umma ikalipa. Programu ambayo bado haina ushahidi kamili huingizwa kwenye orodha kwa muda, kwa kawaida miezi 12, na mwenye nayo hutakiwa kuthibitisha katika kipindi hicho kwamba inawasaidia wagonjwa. Asipothibitisha, huondolewa. Hilo ni jambo jema. Lakini katika mwaka huo wa kwanza mtengenezaji aliachiwa kujipangia bei, na umma ukawa unalipa bei kamili kwa kitu ambacho faida yake haijajulikana. Kwa maoni yangu, kipindi cha majaribio kilipiwe kwa bei ya majaribio, na bei ipande ushahidi ukishapatikana.

Sasa tuchukue kisaidizi cha kusikia. Aina nyingi hutumia betri ndogo kama kifungo cha shati, ambayo hubadilishwa kila baada ya siku chache au wiki moja hivi. Mzee ambaye vidole vinatetemeka hawezi kufungua kile kifuniko chake. Nta ya sikio huziba tundu la sauti, naye akadhani kimekufa. Sauti zote, pamoja na mlio wa vyombo na kelele za barabarani, humwingilia kwa pamoja, na ubongo unahitaji wiki kadhaa kuzizoea. Kama bajeti ilinunua kifaa peke yake, bila mtu wa kukirekebisha, kumfundisha yeye na mlezi wake na kumrudia baada ya mwezi, kitaishia kwenye droo. Kwenye vitabu vya hesabu, mzee huyo ataendelea kuandikwa kuwa amehudumiwa.

Mifumo ya usajili na malipo nayo ina vikwazo vyake. Alama za vidole hufifia kwa umri na kwa kazi za mikono, ngozi kavu haisomeki vizuri, na wapo wasio na vidole kabisa. Mashine ikimkataa mtu wa namna hii, msaada wake unasimama ilhali hana kosa lolote. Mwingine anatumiwa namba ya siri kwa ujumbe mfupi, inakwisha muda kabla hajamaliza kuiandika. Asiyeona anafungua ukurasa, na programu inayomsomea skrini inamtamkia “kitufe, kitufe, kitufe”, kwa sababu mtengenezaji hakuvipa vitufe majina. Kuvipa majina ni kazi ndogo mfumo unapojengwa. Baada ya mkataba kufungwa, ndiyo hiyo inayoombewa fedha za nyongeza.

Dawa iko kwenye zabuni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, katika ibara ya 9, unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe teknolojia ya habari na mawasiliano inafikika, na ibara ya 4 inataka watu wenye ulemavu washirikishwe katika maamuzi yanayowahusu. Kwa hiyo sharti la ufikikaji liandikwe kabla mzabuni hajapatikana, mfumo ujaribiwe na watu wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa akili na wazee wenyewe, nao walipwe kwa kazi hiyo. Malipo ya mwisho ya mkandarasi yasubiri matokeo yao.

Kuna gharama moja zaidi inayosahaulika. Kipimo cha shinikizo la damu kinachotuma taarifa kutoka nyumbani hakiokoi mtu kama hakuna muuguzi aliyepangiwa kuzisoma taarifa hizo na kupiga simu. Mshahara wake uwe ndani ya bajeti ya mradi. Na taarifa hizo ni mali ya mwenye mwili: mlezi amsaidie kuelewa anachokubali, asimkubalie kwa niaba yake kwa sababu tu anatumia kiti cha magurudumu au anaongea kwa shida.

Bajeti zinapojadiliwa hadharani, ulizeni fungu la mafunzo na matengenezo ni kiasi gani. Ulizeni pia kama dirisha la huduma lenye mtu litabaki wazi kwa wasioweza kutumia simu. Anayekataliwa na mfumo apewe sababu kwa njia anayoielewa, iwe maandishi, sauti au lugha ya alama, pamoja na mahali pa kukata rufaa ambapo atasikilizwa na binadamu, huku malipo yake yakiendelea hadi uamuzi utolewe.