Puck ni kazi ya Harriet Hosmer, acheni kuwapa mafundi

Kila nikiwaonyesha wanafunzi wangu wa uchongaji picha ya sanamu ya Puck, kazi ya Harriet Hosmer, mchongaji mwanamke wa Kimarekani, yaani yule kibwengo mtundu aliyekaa juu ya uyoga na mabawa yake ya popo, mkono mmoja mbawakawa mwingine mjusi, lazima atokee mtu aseme eti "ah, huyu kachongewa na mafundi wa Kiitaliano, mwanamke marumaru angeiweza wapi." Nimechoka jamani.

Roma ya miaka ya 1850 hakuna msanii mkubwa aliyekuwa anaamka asubuhi anaanza kupasua bonge la jiwe peke yake. Kazi ya msanii ni umbo, yani unalijenga kwa udongo wa mfinyanzi, ndani unatia vyuma lisiporomoke, likikamilika inatolewa kopi ya plasta, halafu mafundi wanapima nukta kwa nukta toka kwenye plasta kwenda kwenye jiwe, wanapunguza wanapunguza mpaka karibu na ngozi ya mwisho, hapo mwenyewe anarudi na patasi anamalizia. Wachongaji wakubwa walienda hivyo: Canova alifanya hivyo, Thorvaldsen hivyohivyo, John Gibson aliyemfundisha Hosmer hukohuko Roma pia, na hakuna aliyewaambia wameiba. Ila dada wa watu akifuata njia ileile ndo inakuwa kesi. Mwaka 1863 magazeti ya London yakaandika kwamba Zenobia, sanamu yake kubwa, kachonga fundi mwanaume, bibie akaenda kisheria wakayameza maneno yao, na 1864 akaandika makala kwenye Atlantic Monthly, jarida la Marekani, kueleza hatua zote hizo moja baada ya nyingine. Majibu yapo tangu 1864 na bado mnaniuliza mimi!

Na anatomia aliisomea St. Louis kwa daktari kabla ya kwenda Roma 1852, si mtu wa kubahatisha huyo. Ndo maana darasani kwangu hakuna anayegusa jiwe kabla udongo haujamtii, mnune msinune.

Lingine, eti Puck orijino ni moja na zilizobaki feki. Hapana. Zilichongwa kwa oda studioni kwake, inatajwa kama 30 au zaidi, Prince of Wales aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII wa Uingereza alichukua yake 1859, nyingine iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Zote za Hosmer.

Wengine wanasema alikuwa anajifurahisha tu na vitoto vyenye mabawa. Hela ya baba ilikuwa imekata! Alihitaji kitu cha kuuzika na Puck ikauzika kweli.

Mwisho nyie mnaosafisha marumaru kwa ndimu na siki, hilo jiwe ni kalsiamu kaboneti, asidi inalila, mng'ao ukiondoka haurudi kwa kusugua na kitambaa. Siki tieni kwenye kachumbari.