Kabla hujauliza bei ya ubao wa skeitibodi, tazama magurudumu

Jumamosi iliyopita kijana wa darasa la sita alikuja kwenye karakana yangu hapa Iringa, kigari chake kakibeba begani. Ubao wa msindano, ekseli mbili za mti, na beringi nne kuukuu alizoomba kwa mafundi pikipiki.

"Shikamoo fundi. Nataka hiki kiwe kama zile za kwenye simu."

Zile za kwenye simu ni skeitibodi, ubao wa magurudumu manne unaousimamia na kuteleza nao. Nikamwambia ameshafika nusu ya safari, na sikumwambia hivyo ili kumfurahisha. Watoto wa California waliouanzisha mchezo huu kwenye miaka ya 1950 walianza vilevile. Walivunja viatu vya magurudumu, wakapigilia vyuma vyake chini ya ubao. Wengine walikuwa na kreti la matunda mbele la kushikia. Kreti likang'oka, wakabaki wamesimama juu ya ubao mtupu. Watelezaji wa mawimbi nao wakaupenda, maana siku bahari ikitulia waliteleza barabarani.

Sasa tazama kigari cha huyu kijana: beringi yenyewe ndiyo gurudumu. Chuma juu ya lami. Unakisikia kikishuka mtaa mzima kabla hujakiona, na kikikata kona kinaserereka. Wamarekani nao walianza na chuma, kisha miaka ya 1960 wakatumia magurudumu ya mchanganyiko wa udongo mgumu. Hayo yakikutana na kokoto moja hukwama: ubao unasimama, wewe unaendelea kwenda. Watu waliumia, miji ikaanza kupiga marufuku, na mchezo ukafifia.

Aliyeufufua ni Frank Nasworthy, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipoleta magurudumu ya poliyurethani, plastiki inayonepa kama mpira. Shika moja, ulibonyeze kwa kidole gumba: lina ugumu, lakini lina uhai ndani yake. Likipanda kokoto linabonyea, linaimeza, linarudi umbo lake. Kwenye kona linang'ang'ania lami. Beringi, zenye kipenyo cha milimita 22, hukaa ndani ya gurudumu, mbili kila moja. Kwangu mimi mabadiliko mengine yote yalifuata hapo.

Mwaka 1975 vijana wa timu ya skeitibodi ya Zephyr walishindana Del Mar, California, wakiteleza wamechuchumaa, mkono ukigusa chini kama mtu aliye kwenye wimbi. Ukame wa 1976 na 1977 ukaacha mabwawa mengi ya kuogelea California bila maji, na kuta zake za mviringo zikageuka viwanja. Huko Florida, Alan Gelfand akagundua namna ya kuruka na ubao bila kuushika. Ruko hilo linaitwa oli, kutokana na jina lake la utani, Ollie. Miaka ya 1980 mtelezaji mwingine, Rodney Mullen, akalishusha kwenye sakafu tambarare, na hapo ngazi, kingo na mabenchi ya mjini yakawa sehemu ya mchezo.

Oli huwa naifundisha polepole. Mguu wa nyuma unapiga mkia wa ubao chini, tak! Pua inapanda. Wakati huohuo mguu wa mbele unakwangua juu ya msasa uliobandikwa kwenye ubao kuelekea puani, ubao unanyooka hewani chini ya miguu yako. Hakuna gundi, hakuna kamba. Nimewaona watoto wakijaribu miezi miwili, na siku ubao ulipoinuka sentimita tano tu wakapiga kelele kama wamefunga goli.

Pigo hilo la mkia ndilo linalonisumbua mimi fundi. Mbao za dukani hutengenezwa kwa mti mgumu wa mepo (maple), tabaka saba nyembamba. Wa kwanza nilioutengeneza ulikuwa wa plaiwudi ya msindano kutoka Mafinga. Ulikatika wiki ya kwanza, nyuma kidogo ya boliti za ekseli. Msindano ni laini. Sasa natumia tabaka za mlingoti, nazigandamiza kwa jeki ya gari juu ya kalibu ya zege, zinalala humo usiku kucha.

Kwa lami yetu yenye kokoto, chukua magurudumu makubwa na laini, ugumu wa 78A; namba ikipanda, gurudumu ni gumu zaidi. Yale ya 99A yaache kwa sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Na tafadhali, mteremko wa kwenda Ipogolo ni wa malori. Usimpeleke mtoto huko.

Mzazi mmoja aliniuliza kama huu ni mchezo au ni uhuni. Hata Norway waliwahi kuupiga marufuku kuanzia 1978 hadi 1989. Lakini kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, Momiji Nishiya wa Japani alitwaa dhahabu ya skeitibodi akiwa na miaka 13. Na si mbali hivyo: Kitintale, Kampala, vijana wana uwanja wao wa zege tangu 2006.

Kigari cha yule kijana bado kipo mezani kwangu. Beringi zake nimezisafisha kwa petroli na nimemrudishia, ni kubwa mno kwa gurudumu la skeitibodi. Ubao wake wa mlingoti uko kwenye kalibu. Kesho natoboa matundu manane ya boliti.